Moshi Nje, Joto Ndani: Sakafu ya Wakorea Ilivyojengwa

Anayewasha moto nyumbani wakati wa baridi hupata vitu viwili kwa mpigo: joto analolitafuta na moshi asioutaka. Watu wa nchi za baridi wamehangaika kwa karne nyingi kuvitenganisha viwili hivyo. Wazungu wa magharibi walijenga meko ya wazi ukutani yenye dohani juu yake, na sehemu kubwa ya joto lao ikawa inapanda na moshi hadi angani. Warusi walijenga majiko makubwa ya matofali ambayo moshi huzungushwa ndani yake kabla ya kutoka. Wakorea walifuata njia nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote. Waliupitisha moshi chini ya sakafu wanayoikalia, wakauacha ukabidhi joto lake kwa mawe, kisha wakautoa nje ukiwa umepoa. Mfumo huo unaitwa ondol, na mwaka 2018 serikali ya Korea Kusini iliuweka rasmi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa taifa.

Nauchambua hapa kwa sababu una somo kwa watu wa Makete, Njombe, Kinangop na Limuru, kwenye nyanda za juu za Tanzania na Kenya, ambako kila kipupwe watu hulala na jiko la mkaa chumbani na wengine hawaamki.

Tuanze na baridi yenyewe. Mjini Seoul wastani wa joto la Januari uko chini ya sifuri, na upepo wa Siberia ukishuka, usiku wa nyuzi 10 chini ya sifuri si jambo la ajabu. Kaskazini mwa rasi ya Korea ni baridi zaidi. Katika nyumba ya jadi ya Kikorea watu walikaa chini, wakala chini kwenye meza fupi, wakalala chini juu ya godoro jembamba linalokunjwa asubuhi. Vitanda na viti havikuwa na nafasi kubwa. Kwa hiyo mahali pa kupeleka joto palijulikana: ni pale mwili unapogusa.

Mabaki ya nyumba za kale kaskazini mwa rasi hiyo yanaonyesha mifereji ya moshi iliyojengwa pembeni, kufuata ukuta, chini ya jukwaa la kulalia. Kaskazini mwa China namna hiyo ya jukwaa la moto ipo hadi leo, nayo huitwa kang. Wakorea hawakuishia kwenye jukwaa. Katika enzi ya Goryeo, iliyoanza mwaka 918 na kuisha 1392, mifereji ilianza kutandazwa chini ya chumba kizima, na katika enzi ya Joseon iliyofuata mfumo ukaenea toka ikulu hadi kibanda cha mkulima, toka kaskazini hadi kusini. Kufikia karne ya 17, ambayo ilikuwa na baridi kali sehemu nyingi za dunia, ulikuwa umekwisha kuwa namna ya kawaida ya kuishi.

Sasa tuingie jikoni, maana ndiko kazi inakoanzia. Sakafu ya jiko la Kikorea ilichimbwa ikawa chini kuliko sakafu ya chumba cha kulala kilicho nyuma ya ukuta. Mdomo wa moto, agungi, ulifunguliwa kwenye ukuta huo, na juu yake yakapachikwa masufuria makubwa ya chuma cha kusubu. Mama alipopika wali wa jioni, moto uleule ulikuwa unapasha sakafu ya watoto. Kuni hazikuchomwa mara mbili. Asubuhi akapika tena, na sakafu iliyokuwa inaanza kupoa ikapata joto jipya. Majira ya joto yalipofika walihamia kwenye jiko la nje ili chumba kisigeuke tanuri.

Nyuma ya masufuria kuna kitu ambacho fundi asiye makini angekiruka. Njia ya moshi haiingii moja kwa moja chini ya chumba. Inapanda kwanza kwenye kizingiti cha mawe na udongo, inapita mahali pembamba, halafu inashuka kidogo kabla ya kuingia kwenye mifereji. Kizingiti hicho kina kazi mbili. Pale penye wembamba, hewa ya moto hupita kwa kasi na kuvuta moto kutoka mdomoni. Na upepo ukigeuka ghafla ukaingia kwa dohani, kizingiti husaidia kuuzuia moshi usirudi jikoni. Upande wa pili, mifereji inapoishia, limechimbwa shimo refu kuliko mifereji yenyewe. Hewa ikifika hapo hupunguza mwendo na kuangusha masizi yake, na ile baridi inayoteremka kutoka dohani hubaki shimoni badala ya kuingia chini ya chumba. Hivi ni vitu viwili vidogo, kizingiti na shimo, lakini bila hivyo sakafu ingekuwa chanzo cha moshi na wala si cha joto.

Katikati ndiko iliko mifereji yenyewe. Kuta fupi za mawe na udongo husimamishwa sambamba, au kwa umbo la upepeo unaofunguka kutoka kwenye mdomo wa moto, na juu yake hulazwa mabamba ya mawe yaliyochaguliwa kwa ubapa wake na kwa uwezo wake wa kustahimili moto. Ustadi mkubwa uko kwenye unene. Karibu na moto huwekwa jiwe nene kuliko yote, tena chini kidogo, na udongo juu yake hutandazwa kwa wingi. Kadiri unavyokwenda mbali na moto mawe yanakuwa membamba na udongo unapungua. Ukisimama juu yake sakafu ni tambarare, lakini ndani yake kuna mteremko wa unene. Sababu ni hii: karibu na moto hewa ni kali sana, kwa hiyo jiwe nene linachelewesha joto na kulihifadhi; upande wa mbali hewa imekwisha kuchoka, kwa hiyo jiwe jembamba linaruhusu hata joto dogo kufika juu. Fundi anayekosea hapa anaunguza watu upande mmoja na kuwagandisha upande mwingine.

Mianya ya mawe huzibwa kwa vijiwe na udongo, kisha sakafu nzima hukandikwa udongo na kukaushwa kwa moto wa polepole ili isipasuke. Mwisho hubandikwa karatasi nzito ya jadi iitwayo hanji, tabaka juu ya tabaka, na kupakwa mafuta ya soya au ya mbegu nyingine mpaka ing'ae rangi ya manjano. Karatasi hiyo iliyokolea mafuta hufutika kwa kitambaa, na hukisaidia chumba kwa kuziba vitundu vya udongo ambamo moshi ungepenya.

Dohani husimama mbali kidogo na ukuta, wakati mwingine bustanini kabisa. Katika ikulu ya Gyeongbokgung mjini Seoul, moshi wa nyumba ya malkia ulipelekwa kwa njia ya chini ya ardhi hadi kwenye kilima cha bustani ya nyuma, ukatokea katika dohani za matofali zenye pembe 6, zilizonakshiwa maua na wanyama. Mgeni anayezitazama leo anaweza kudhani ni minara ya mapambo. Ni mwisho wa jiko.

Hapa inafaa tufanye hesabu, maana bila hesabu sifa za ondol zinabaki hadithi. Chukua chumba kidogo cha mita 3 kwa 3. Sakafu ya mawe na udongo yenye unene wa sentimita 15 ina ujazo wa zaidi ya mita moja ya ujazo, na uzito wake ni karibu tani 3. Kuipandisha joto kwa nyuzi 20 kunahitaji takriban megajuli 50. Kilo moja ya kuni kavu hutoa kama megajuli 15, kwa hiyo hata tukisema nusu ya joto linapotea njiani, kilo 7 za kuni zinatosha. Sasa angalia hewa ya chumba hichohicho. Dari likiwa na urefu wa mita 2 na kidogo, hewa yote ina uzito wa kilo 24 hivi, na kuipandisha nyuzi 20 kunachukua nusu megajuli tu. Sakafu, basi, imebeba joto mara mia ya lile lililobebwa na hewa. Mtoto akifungua mlango usiku kwenda haja, hewa yote ya moto inaweza kutoka nje, na chumba kikarudi kuwa na joto baada ya muda mfupi kwa sababu akiba haikuwa hewani.

Hiyo ndiyo siri ya starehe yake. Anayepasha hewa anapasha kitu chepesi ambacho hupanda darini na kukimbilia kwenye kila ufa, huku miguu ikibaki baridi. Anayepasha sakafu anapasha kitu kizito kinachogusana na mwili na kuupelekea joto kwa mnururisho kutoka chini. Ndiyo maana mtu aliyelala juu ya ondol huweza kuvuta hewa ya ubaridi puani na bado akahisi raha mgongoni na miguuni. Vyumba vyenyewe vilijengwa vidogo, vyenye dari la chini na milango ya karatasi, na pembeni yake ukumbi wa mbao ulio wazi kwa ajili ya miezi ya joto. Nyumba moja ikawa na sakafu mbili, kila moja na majira yake.

Maisha ya familia yalijipanga kufuata ramani ya joto hilo. Upande ulio karibu na moto huitwa araetmok, na hapo ndipo alipokaa babu au bibi, ndipo alipokaribishwa mgeni, ndipo alipolazwa mzazi aliyetoka kujifungua. Vijana walisogea upande wa baridi. Ukiingia katika chumba cha zamani utaitambua araetmok kwa macho tu, kwa kuwa karatasi yake imebadilika kutoka manjano hadi kahawia, na penye joto kali kabisa imeungua kidogo. Juu yake hulazwa blanketi nene mchana kutwa. Baba akichelewa kurudi, bakuli lake la shaba lenye mfuniko, limejaa wali, lilisukumwa chini ya blanketi hilo likae sakafuni. Anaporudi usiku anaingiza miguu chini ya blanketi, anatoa bakuli, na wali bado una joto. Sijui namna iliyo nyepesi zaidi ya kumwambia mtu kwamba alikuwa anangojwa.

Pamoja na sifa hizo, mfumo ulikuwa na gharama. Mamilioni ya mioto inayowashwa asubuhi na jioni ilikula misitu, na vilima vingi vya Korea vilibaki uchi. Baada ya Vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953, miji ikajaa watu na kuni zikawa hazipatikani. Jibu likawa yeontan: donge la makaa ya mawe lenye umbo la mche duara, uzito wa zaidi ya kilo 3 na nusu, lililotobolewa matundu kutoka juu hadi chini ili hewa ipite. Liliwaka taratibu kwa saa nyingi, lilikuwa rahisi, na liliipa misitu nafasi ya kupandwa upya. Katika miaka ya 1960 na 1970 nyumba nyingi za Seoul zililitegemea.

Lakini yeontan ilileta kifo, na inafaa tuelewe kilitokeaje. Sakafu ya ondol hupasuka. Joto na baridi huivuta na kuisukuma kila siku, na nyufa ndogo hutokea kwenye udongo na karatasi. Wakati wa kuni, ufa ulijitangaza: moshi ulionekana, ulinuka, uliwasha macho, na mwenye nyumba akakanda udongo na kuziba. Makaa ya mawe yanayowaka taratibu hayana moshi wa kuonekana, ila hutoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamshwi na chochote. Familia nzima zilikutwa zimefariki asubuhi juu ya sakafu yenye joto zuri. Kwa miaka mingi vifo vya yeontan vilikuwa habari ya kila msimu wa baridi nchini humo. Watu walinyweshana maji ya kachumbari ya figili iliyochachushwa wakiamini yanatibu, na hayakutibu. Muundo wa sakafu ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba moshi uliokuwa ukitoa onyo ulikuwa umeondolewa.

Ufumbuzi ulikuja kwa kuutoa moto kabisa chini ya chumba. Badala ya moshi, maji ya moto yakaanza kupitishwa katika mabomba yaliyozikwa ndani ya saruji ya sakafu, na chombo cha kuyachemsha kikawekwa pembeni, na bomba lake la kutolea gesi nje. Wazo hilo lilikuwa limekwisha kutembea duniani kwa njia ya kushangaza. Frank Lloyd Wright, msanifu majengo wa Marekani, aliingia katika chumba cha Kikorea kilichojengwa kwenye nyumba ya mwenyeji wake mjini Tokyo, wakati wa maandalizi ya kujenga hoteli ya Imperial mjini humo, akashangaa joto lisiloonekana linatoka wapi. Alipojenga nyumba ya familia ya Jacobs mjini Madison, Wisconsin, katika miaka ya 1930, alizika mabomba chini ya sakafu ya zege. Katika Korea Kusini ya leo hata ghorofa za juu kabisa zina mabomba ya plastiki ngumu chini ya sakafu, na watu bado huvua viatu mlangoni na kulala chini ingawa wana vitanda.

Nirudi kwetu. Katika nyanda za juu za Tanzania na Kenya baridi yetu haifikii ya Seoul, ingawa uwanda wa Kitulo hupata sakitu mwezi Juni na Julai. Shida yetu ni nyumba. Nyumba ya zamani ya nyasi ilikuwa na moto katikati, na moshi ulipenya polepole kwenye paa. Uliumiza macho na mapafu, lakini hewa ilibadilika. Nyumba ya sasa ina ukuta wa tofali uliopigwa plasta, madirisha ya vioo, na mlango unaofunga vizuri. Juu bati tupu, aghalabu bila dari, linalopoteza joto usiku kucha. Chini sakafu ya saruji inayovuta joto kutoka miguuni. Ndani ya chumba hicho tunaingiza jiko la mkaa lililokwisha kukolea, tukijisifu kwamba halina moshi. Kisayansi tumeirudia yeontan: mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa gesi ileile, na tumeuondoa moshi uliokuwa ukitushtua.

Sishauri mtu achimbe ondol nyumbani kwake. Sakafu yenye mifereji iliyozibwa vibaya ni hatari kuliko baridi. Kanuni yake, hata hivyo, inachukulika leo kwa gharama ndogo. Anayejenga jiko la matofali lenye dohani aliegemeze kwenye ukuta wa chumba cha kulala, ukuta huo uwe mnene na usiwe na ufa wala tundu, ili moto wa ugali wa jioni uache joto lake kwenye tofali za chumba. Weka dari kabla ya kununua zulia. Tandika mkeka na blanketi kuukuu sakafuni chini ya godoro. Na kwa anayetaka joto la kitandani usiku huu, mfuko wa mpira wa kutilia maji ya moto ni ondol ndogo: lita 2 za maji yaliyopoa kutoka nyuzi 60 hadi 35 hutoa joto ambalo lingetosha kupandisha hewa ya chumba chetu cha mfano kwa nyuzi 8, nalo lote linabaki chini ya blanketi. Maji yasiwe yanachemka, kifuniko kifungwe barabara, na mfuko uviringishwe kitambaa. Moto ulioyapasha maji hayo umebaki jikoni.

Wazazi mliowapangia wanafunzi vyumba kule nyanda za juu, wenye nyumba, na ninyi viongozi wa mitaa, lisemeni hili kabla Juni haijafika: jiko lenye kaa jekundu lisiingie chumba cha kulala, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo, hata kama ni kwa nusu saa tu, hata kama mwaka jana halikumdhuru mtu.